Miti: Wanamaliza shule na simu mkononi, bila somo la habari

MITI, Kabare – Kijana anayemaliza sekondari hapa Miti amefundishwa kuandika insha ya Kifaransa na kusawazisha mlinganyo wa kemia. Kama alichagua pedagojia, amefundishwa pia kuandaa somo la darasa la pili. Kitu kimoja hakufundishwa: namna ya kuipima habari iliyoingia kwenye simu yake asubuhi. Na habari hiyo ndiyo mara nyingi inayoamua kama mama yake ataenda sokoni siku hiyo au atafunga mizigo.

Nchi nyingine zimeanza kuliona pengo hili na kuliingiza somo la vyombo vya habari katika miaka ya mwisho ya sekondari. Kenya imeliweka kwenye mtaala wake mpya. Uingereza inalifundisha kwa miongo kadhaa. Katika Kivu Kusini, ambako habari ya uongo inaweza kuhamisha kijiji kizima kwa usiku mmoja, bado halina nafasi yake kwenye ratiba.

Njia panda

Miti iko karibu kilomita 30 kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya taifa namba 2. Hapa ndipo barabara inapogawanyika. Tawi moja linaendelea hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, Katana na Kalehe, kuelekea Goma. Lingine linapanda Tshivanga, linapita ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri, kuelekea Walikale na Kisangani. Kila gari linalosimama hapa linashusha mkaa, mihogo, abiria na maneno. Dereva anasimulia alichokiona, abiria anasimulia alichosikia, na kabla gari halijaondoka vyote viwili vimekwisha kuingia kwenye makundi ya WhatsApp.

Uzito wa jambo hili ulionekana Februari 2025. Tarehe 14 mwezi huo waasi wa M23 waliuteka uwanja wa Kavumu, jirani kabisa na Miti. Siku mbili baadaye walikuwa wameushika mji wa Bukavu. Familia za kando ya barabara hii zilipaswa kuamua kwa haraka: kubaki, kuteremka mjini, kuvuka ziwa, au kukimbilia milimani. Mwenye jamaa mbele yake kwenye barabara alimpigia simu. Asiye na jamaa alitegemea ujumbe wa sauti usio na jina la msemaji, tarehe wala mahali.

Mwaka mmoja nyuma mtihani ulikuwa wa namna nyingine. Ukanda wa afya wa Miti-Murhesa, wenye hospitali ya Kavumu, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya Kivu Kusini yaliyoguswa sana na mpox. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Mzazi aliyeona vipele kwenye ngozi ya mtoto alikuwa na swali moja tu: nimpeleke hospitali au la? Majibu yalikuwa mengi, kutoka redioni, kwa mganga, kanisani, kwa jirani na kwenye simu. Nani wa kuaminiwa, na kwa sababu gani, hilo halikuwa limefundishwa popote.

Ratiba ya mwaka wa mwisho

Mtoto wa Kongo anasoma miaka minane ya elimu ya msingi, kisha minne ya sekondari ya juu inayoitwa humanité. Humo anachagua mchepuo, au opsio kama wanavyosema wanafunzi wenyewe. Michepuo inayozoeleka katika shule za Kabare ni pedagojia, biolojia na kemia, biashara na uongozi, sosiali, kilimo, ushonaji. Uandishi wa habari haumo.

Mwisho wa safari ni mtihani wa Serikali, Exetat, uliopo tangu 1967. Mwanafunzi huanza na insha ya Kifaransa, halafu siku za mtihani wenyewe hujibu maswali ya kuchagua katika maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo wake. Mtihani huo ndio unaoamua diploma, na kwa hiyo ndio unaoamua kinachofundishwa. Prefe anayejua kwamba shule yake itapimwa kwa asilimia ya waliofaulu hatatoa saa mbili kwa wiki kwa jambo ambalo halitaulizwa.

Mwenye kupenda kazi ya habari anasubiri hadi apate diploma. Chuo cha Serikali kinachojulikana zaidi kwa fani hiyo kiko Kinshasa. Kilianzishwa 1973 kwa jina la ISTI, kikaitwa IFASIC, na leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi za Habari na Mawasiliano, UNISIC. Kutoka Miti hakuna barabara ya kumfikisha mtu huko moja kwa moja, na ndege za Kavumu zilisimama uwanja ulipotekwa. Hata hivyo huyo ni mmoja kati ya wengi. Wenzake watakuwa walimu, wauguzi, wakulima, wachuuzi na mafundi. Wote watapokea habari kila siku na kuzipeleka kwa wengine, na kila mmoja atafanya hivyo bila chuo.

Somo lenyewe ni nini

Wengi wakisikia somo la vyombo vya habari hufikiria studio, kamera na kijana aliyevaa tai anayesoma habari. Kwa kweli sehemu kubwa ya somo hilo haihitaji umeme.

Uingereza, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaweza kulichukua kama moja ya masomo yao ya A-level. Mtaala wake umejengwa juu ya mambo manne. La kwanza ni lugha ya chombo: maneno, picha na sauti vilichaguliwaje? La pili ni taswira: watu wa kundi fulani, wanawake, maskini au wageni, wameonyeshwaje? La tatu ni mwenye chombo: nani analipa, nani anapata faida? La nne ni hadhira: habari hii imetengenezwa kwa ajili ya nani, na yeye anaipokeaje? Mwanafunzi huulizwa hayo kwenye mtihani, kisha hutengeneza kazi yake mwenyewe. Kwa miaka mingi somo hilo limechekwa huko kwao kwamba ni la wanafunzi wavivu. Bado lipo, na lina mitihani yake kama historia au jiografia.

Kenya imechukua njia tofauti kidogo. Chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza sekondari ya juu Januari 2026, wakiwa na njia tatu za kuchagua: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ndani ya njia ya kwanza, miongoni mwa masomo ya ufundi kama umeme, ujenzi na useremala, kuna Teknolojia ya Midia. Yaani Kenya imeliweka somo hilo upande wa mikono, kama ufundi wa kumpa kijana kazi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1982, wataalamu waliokutana Grünwald, Ujerumani Magharibi ya wakati huo, chini ya UNESCO, walitoa azimio wakizitaka nchi zianzishe elimu ya vyombo vya habari tangu shule za awali hadi vyuo vikuu. Mwaka huo hofu ilikuwa televisheni. Simu yenye kamera, inayomfanya kila mtu kuwa mtangazaji, haikuwepo.

Mlipuko mmoja, simulizi mbili

Ubora wa maswali yale manne unaonekana yakipelekwa kwenye tukio la karibu. Februari 27, 2025, viongozi wa AFC/M23 walifanya mkutano wa hadhara katikati ya Bukavu. Corneille Nangaa alikuwa amekwisha kuzungumza watu walipoanza kutawanyika, ndipo milipuko ikatokea. Watu zaidi ya 10 waliuawa na makumi walijeruhiwa.

Siku hiyo hiyo zilitoka simulizi mbili. Kinshasa ilisema ni kazi ya jeshi la Rwanda na washirika wake. Nangaa alisema ni kazi ya Kinshasa. Picha zilizosambaa zilikuwa zile zile: watu wanakimbia, viatu vimetapakaa, damu ardhini. Maneno yaliyoandikwa juu ya picha ndiyo yaliyobadilika, kutegemea kundi ambalo mtu yumo.

Mwanafunzi aliyepita kwenye somo la habari hatapata jibu la nani alirusha. Hana uwezo huo, na hata wachunguzi wanahitaji muda. Lakini atajua kutenganisha mambo matatu. Kwanza ni yale yanayokubaliwa na pande zote: kulikuwa na mkutano, kulikuwa na milipuko, watu wamekufa. Pili ni yale yanayodaiwa na upande mmoja, na upande huo unapata nini kwa kuyadai. Tatu ni yale ambayo bado hakuna anayeyajua. Mtu anayeweza kuligawa jambo hivyo si rahisi kumpanga barabarani akiwa na jiwe mkononi.

Maneno nayo yana kazi yake. Watu wale wale huitwa waasi kwenye redio moja, wakombozi kwenye nyingine, na jeshi la kigeni kwenye ya tatu. Vijana wenye silaha wa vijijini huitwa Wazalendo na huyu, wahalifu na yule. Kila jina limekwisha kutoa hukumu kabla sentensi haijaisha. Kulitambua hilo ni zoezi la lugha tu, na mwalimu wa Kiswahili au Kifaransa analiweza kesho.

Redio mbili za 1993

Eneo hili halihitaji kuazima mifano mbali. Mwaka 1993 redio mbili zilizaliwa pande mbili za Ziwa Kivu. Bukavu, mashirika ya maendeleo yalianzisha Radio Maendeleo, iliyokuja kujulikana kwa vikundi vyake vya wasikilizaji, ambamo wakulima na wanawake wa vijijini walikaa pamoja, wakajadili matatizo yao na kuyarudisha studio. Kigali, Julai mwaka huo, ilianza kurusha matangazo RTLM, redio ambayo mwaka uliofuata iliwachochea Wahutu kuwaua majirani zao Watutsi.

Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, vikabaki miaka 30, 32 na 35. Nahimana alikuwa profesa wa historia. Kisomo, basi, peke yake hakitoshi. Msomi naye anaweza kuweka sumu kwenye kipaza sauti, na msikilizaji asiyefundishwa kuuliza akainywa.

Radio Maendeleo nayo haikuachwa. Mwaka 1999 utawala wa RCD, uliokuwa umeushika mji, uliifunga. Ilirudi. Mwaka 2002 ikaongezeka Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 2003 wanawake waandishi wa Kivu Kusini waliunda chama chao, AFEM, kilichowapa kipaza sauti waathirika wa ubakaji wakati ambapo wengi waliona ni aibu kulitaja jambo hilo. Kutoka kundi hilo, Chouchou Namegabe alifika mbele ya Baraza la Seneti la Marekani 2009 kutoa ushuhuda, na Caddy Adzuba alipewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias nchini Uhispania 2014.

Hii ni historia ya nyumbani, na ingetosha kujaza muhula mzima. Mwanafunzi wa Miti anaweza kumaliza sekondari bila kuisoma hata ukurasa mmoja.

Bei yake

Historia hiyo ina makaburi pia. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi Bukavu Juni 13, 2007. Mwenzake wa kituo hicho hicho, Didace Namujimbo, aliuawa Novemba 21, 2008. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star. Mzazi anayemkataza mtoto wake kazi ya habari anawakumbuka hawa, na hana kosa.

Lakini hatari haiko kwa waandishi peke yao. Machi 13, 2023, Kongo ilipata sheria mbili kwa siku moja, moja ya uhuru wa vyombo vya habari na nyingine ya mambo ya kidijitali. Hii ya pili, katika kifungu cha 360, inasema anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita, kulipa faini ya faranga 500,000 hadi milioni moja, au vyote viwili. Sheria haimsamehi aliyebonyeza kitufe cha kutuma kwa sababu tu hakuiandika yeye. Mwanafunzi anayetimiza miaka 18 anaingia chini ya kifungu hicho bila mtu kumsomea. Na hakuna aliyemsomea pia vifungu vya 23 na 24 vya Katiba ya 2006, vinavyompa uhuru wa kutoa maoni na haki ya kupata habari.

Vikwazo na njia

Kulianzisha somo jipya si jambo dogo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za umma. Sekondari bado inalipwa na mzazi, na kila kitabu kipya ni mzigo kwake. Walimu wenyewe hawajafundishwa jambo hilo. Na katika eneo lenye watawala wenye silaha, mwalimu anayeandika ubaoni habari za vita ana sababu ya kutazama mlangoni.

Ugumu huo hauzuii kila kitu. Tangu 2024 wizara inaitwa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, na somo la uraia na maadili tayari liko kwenye ratiba. Hapo pana nafasi ya vifungu viwili vya Katiba na kimoja cha sheria ya kidijitali. Saa ya Kifaransa ina insha, na insha kuhusu chanzo cha habari inamwandaa mwanafunzi kwa Exetat sawa na insha nyingine yoyote. Saa ya biolojia ina mpox: tangazo la daktari na ujumbe wa kuzungushwa vinaweza kuwekwa kando kwa kando, kila dai likatafutiwa ushahidi.

Mwalimu anayeogopa siasa anaweza kuanza na mpira. Kila wiki kuna mchezaji aliyeuzwa kwenye simu ambaye klabu yake haina habari. Anaweza kuanza na Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa 1970 na kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980. Sokwe wake wameonyeshwa kwenye televisheni za dunia nzima. Familia za Watwa, waliotolewa katika msitu huo, hazionyeshwi sana. Nani alishika kamera, na aliigeuza upande gani? Hilo ni swali la somo la habari, na mlango wa mbuga uko juu tu ya Miti.

Lugha nayo ni faida, si kikwazo. Mwanafunzi wa hapa anasema Mashi nyumbani, anasikiliza redio kwa Kiswahili na anafanya mtihani kwa Kifaransa. Akiombwa kuihamisha taarifa moja kupita lugha hizo tatu, ataona mwenyewe mahali inapovuja: "anashukiwa" ikawa "ameiba", "karibu watu kumi" ikawa "watu wengi sana", "inasemekana" ikapotea kabisa. Hakuna mashine ya kufundishia jambo hilo kuliko darasa lenye lugha tatu.

Kwa shule itakayotaka kujaribu, gharama ni daftari moja, redio moja na saa moja kwa wiki. Ukutani yaandikwe maswali matano ambayo kila mwanafunzi ayajibu kabla ya kutuma ujumbe: nani amesema, amejuaje, lini, wapi, na nani mwingine ameona? Ujumbe ukikosa majibu matatu kati ya hayo, unabaki kwenye simu iliyoupokea.

Wizara inaweza kuchukua miaka kuandika mchepuo mpya, na labda isiuandike. Wanafunzi wa mwaka huu hawatasubiri. Watakabidhiwa diploma, watarudi kwenye njia panda, na gari lijalo kutoka Bunyakiri au Katana litashusha habari mbele yao. Watu wazima wasiosoma watawauliza wao, kwa kuwa ndio waliosoma: hii ni kweli?